Bustani Iliyokuwa Jaa

Sisi wa Nyabibuye ukingo wa mto twaujua kwa kuteka maji na kufua. Huko Nairobi, Kenya, si mbali na Jumba la Makumbusho, kipande cha ukingo kilikuwa jaa: takataka, magari mabovu na mafundi wake, mafuta machafu yakichuruzika mtoni. Mwaka 2008 John Michuki, Waziri wa Mazingira, alianza kuusafisha mto, na hapo ikapandwa miti. Alifariki Februari 2012. Bustani yaitwa kwa jina lake. Lakini msimamizi alipoondoka, takataka zilirudi, na mafundi pia (nao, kusema haki, walitafuta riziki). Mwaka 2020 ikabidi itengenezwe upya. Kivuli kipo, maji yenyewe bado machafu.