Sheria za droni zipime hatari, zisizime vipaji

Kila chombo kipya kiingiapo duniani, binadamu hukipokea kwa hamu iliyochanganyika na hofu. Ndivyo ilivyo kwa droni, vijindege virukavyo bila rubani ndani, ambavyo leo hupiga picha harusini, hunyunyizia mimea dawa na hata kupeleka damu hospitalini. Mataifa yote yakubali kuwa vyahitaji kudhibitiwa. Yatofautianapo ni katika kigezo na kiasi.

Haja ya udhibiti i dhahiri. Mnamo Desemba 2018, taarifa za droni kuonekana katika uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ziliwavurugia safari abiria wapatao 140,000. Mwaka uliofuata, nchi hiyo ilipanua eneo la marufuku kuzunguka viwanja vya ndege kutoka kilomita 1 hadi takriban kilomita 5.

Kuhusu uzito, kila taifa lina mizani yake. Nchini Marekani, arushaye droni kwa kujiburudisha tu hahitaji kuisajili iwapo haizidi gramu 250. Japani ni kali zaidi, kwani tangu Juni 2022 usajili huanzia gramu 100.

Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2020, umegawa safari za droni katika makundi matatu kulingana na hatari. Katika kundi la hatari ndogo, chombo hakiruhusiwi kupaa zaidi ya mita 120. Umri wa kurusha ni kuanzia miaka 16. Lakini aliye mdogo kuliko huo aweza kurusha akisimamiwa moja kwa moja na rubani aliyetimiza masharti. Kifungu hicho, nionavyo mimi, kina hekima kubwa kwa kuwa kimemkumbuka mwanafunzi bila kuusahau usalama.

Hapa Kenya, kanuni za 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka wa 2018. Zilizofuata, za 2020, nazo zilizingatia viwango vya hatari na kuweka kikomo cha futi 400 angani. Hata hivyo, kwa mtu binafsi, umiliki wa droni ulitengewa aliyetimu miaka 18.

Sina ugomvi na umri huo, maadamu mwenye chombo ndiye atakayeshtakiwa kikileta madhara. Ninachoomba ni kwamba sheria yetu iitaje shule waziwazi: chombo kiwe mali ya shule, mwalimu aliyefuzu asimamie, na mwanafunzi ajifunze kukiunda na kukirusha. Jirani yetu Rwanda ilianza kusafirisha damu kwa droni mwaka wa 2016. Je, watakaounda na kuendesha vyombo vyetu kesho watatoka wapi iwapo leo twawafungia mlango?

Wahenga walinena, mtoto akililia wembe mpe. Mimi nasema mwalimu aushike kwanza, amwonyeshe mtoto penye makali, kisha ampe.