Mashini ngeni: jaribu tamburi mbele ya kukata

Pompe ikisimama chini ya udongo, maji inapanda. Batu ba Kipushi banaijua hiyo habari: mu 1993 kazi ya mine ilisimama, na mu 2011 maji ikafunika nivo za chini kwa sababu pompe hazikutunzwa sawasawa muda murefu. Sasa, pompe inazunguka juu ya akse na rulema. Akse ikikatwa nyembamba kidogo tu, rulema inacheza, inapata moto, inavunjika. Njo maana kazi ya turnere inagusa kila mutu mwenye kushuka mu shimo.

Turnere mwenye kuzoea turu yake anazungusha manivele bila kufikiri. Hatari inaanza siku anatumwa mu atelie ingine. Tamburi, ile pete ya mistari karibu na manivele, inafanana na ya kwake, lakini haisemi maneno ileile.

Jambo ya kwanza: kisu inakata pande zote za akse. Kikiingia milimeta 1, unene unapunguka milimeta 2. Tamburi zingine zinahesabu mwendo wa kisu, zingine zinahesabu unene wenye kutoka. Uko na akse ya milimeta 61, unataka 60. Unazungusha mpaka 1. Kama tamburi inahesabu unene, kazi ni nzuri. Kama inahesabu mwendo, akse inabaki 59, na chuma yenye kukatwa hairudi. Basi, kama haujue, zungusha nusu kwanza. Ikibaki nene, utaondoa tena.

Jambo ya pili ni kipimo. Union Minière, yenye kuanzishwa mu 1906, ilikuwa ya Babeleji, na Babeleji banapima kwa milimeta. Ngambo ya mupaka, mu mine za Zambia, Baingereza balileta inchi, na mashini ya zamani haiogope kuvuka Kasumbalesa. Inchi moja ni milimeta 25.4. Musitari mumoja wa tamburi ya inchi, mara nyingi, ni sehemu moja ya elfu, ni kusema milimeta 0.0254. Ukiudhani ni 0.02, kwa mistari 50 unafikiri kisu kimeenda milimeta 1, kumbe kimeenda 1.27.

Namna ya kujua ni hii. Hesabu mistari yote ya tamburi, soma maandiko karibu na ziro. Kisha weka komparateri juu ya shario, zungusha mistari 10, angalia. Mwendo ukiwa sawa na namba ya tamburi, inahesabu mwendo. Ukiwa nusu, inahesabu unene. Hauna komparateri? Pitisha kisu kidogo juu ya kipande cha chuma, pima na palmeri, ongeza mistari 10, kata, pima tena. Gawanya tofauti kwa 10: njo unene wenye musitari mumoja unaondoa.

Usisahau visi inacheza, zaidi kwa mashini yenye kuzeeka. Ukipita namba, usirudi musitari mumoja tu. Rudi nyuma sana, kisha kuya tena upande uleule.

Ku frezezi hakuna kuzidisha kwa mbili: meza inaenda vile tamburi inasema. Lakini jaribu manivele zote tatu moja moja, kwa sababu ile ya kupandisha meza mara nyingi inasogeza kidogo kuliko zingine.

Wazazi wenye batoto mu stage, muwaambie hivi: kuuliza mashini si haya. Na bafundi, mukisha kujua, muandike kwa rangi juu ya mashini: "musitari 1 = kadiri gani, mwendo ao unene". Wenzenu wa posti ya usiku batasoma.