Plastiki ya Kapasita za Msongo Mkubwa

Mwaka 1899, Nikola Tesla alipofanya majaribio yake ya umeme huko Colorado Springs, Marekani, aliunda kapasita zake kwa chupa za kioo zilizotiwa maji ya chumvi, kwani plastiki za leo zilikuwa hazijaanza kutengenezwa viwandani. Polithini, mojawapo ya plastiki hizo, ilizuka kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya Winnington, Uingereza. Fundi wa sasa hana taabu ya uhaba, bali ya uchaguzi.

Aghalabu hutazama sifa moja tu, yaani volti ambazo milimita moja ya plastiki hustahimili kabla ya kutoboka. Sifa hiyo ni adhimu, madhali nishati ya kapasita huongezeka kwa mraba wa msongo, lakini haitoshi kuwa hakimu. Umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde huzitikisa molekuli, na zile ambazo chaji zake zimeelemea upande mmoja, kama za PVC, hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto, hata plastiki ikalainika na kutobolewa na msongo ambao hapo awali iliuhimili bila ya dhiki. Polithini na polipropilini hazina tabia hiyo, na upotevu wao ni mdogo kuliko wa PVC kwa makumi ya mara. PVC nisingeipokea hata kwa hedaya. Poliesta naikubalia mkondo mnyoofu tu.

Hasimu wa pili ni hewa. Hushindwa kwa takribani volti 3,000 kwa milimita, nayo ikibanwa baina ya bamba la alumini la kapasita na polithini hubebeshwa, kwa kila milimita, mara 2.3 ya mzigo wa plastiki, hivyo hupasuka kwanza, ikatoa cheche na ozoni ambazo huila plastiki taratibu. Panga karatasi nyembamba kadhaa za plastiki badala ya moja nene, kwani tundu la karatasi moja ni nadra kulingana na tundu la nyingine. Acha ukingo mpana kupita alumini, kisha, ili kuifukuza hewa, zamisha zote katika mafuta mapya ya transfoma. Ya transfoma kuukuu usiyaguse, huenda yana sumu ya PCB.

Hadhari moja haina msamaha: kapasita iliyokwisha kumwagwa umeme huweza kujirudishia chaji kutoka ndani ya plastiki, na kubwa huua, basi vituo vyake vifunge pamoja kwa waya kila inapowekwa.