Sarafu za dhahabu: Nyongeza ipi ni ya haki, ipi ni hasara?

Na Mwandishi Wetu

KILA bei ya dhahabu inapopanda katika soko la dunia, idadi ya watu wanaotaka kuhifadhi akiba yao katika madini hayo nayo huongezeka. Mwezi Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa mara ya kwanza katika historia, na habari hiyo ikawafikia hata watu ambao hawakuwahi kufikiria kununua kitu chochote cha dhahabu zaidi ya pete ya ndoa.

Miongoni mwao wamo wastaafu waliopokea kiinua mgongo, wafanyabiashara wanaokwenda Dubai kufuata bidhaa, na vijana walio ughaibuni wanaotaka kuwawekea wazazi wao akiba isiyoliwa na mfumuko wa bei. Wengi hujiuliza kama bei itaendelea kupanda. Ni wachache wanaojiuliza swali la pili, ambalo jibu lake limo mikononi mwao wenyewe: je, fedha ninazotoa leo ni bei ya dhahabu tu, au kuna kitu kingine ninachokilipia?

Ukweli ni kwamba hakuna mtu wa kawaida anayenunua sarafu ya dhahabu kwa bei inayotangazwa katika vyombo vya habari. Juu ya bei hiyo daima kuna nyongeza. Kuijua nyongeza hiyo, kuipima na kuamua mwisho wake ndiko kunakomtenganisha anayeweka akiba na anayeitupa.

Bei inayotangazwa ni ya nini?

Bei tunayoisikia ni ya papo kwa papo, yaani bei ya dhahabu safi inayouzwa kwa jumla baina ya mabenki na kampuni kubwa. Mjini London, bei rejea hupangwa mara mbili kwa siku za kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za huko. Utaratibu wa kupanga bei ya pamoja ulianza katika jiji hilo mwaka 1919, na tangu Machi 2015 unafanywa kwa mnada wa kielektroniki.

Kipimo kinachotumika ni wakia ya madini ya thamani, yenye gramu 31.1035. Msomaji asiichanganye na wakia ya kawaida ya dukani, ambayo ni kama gramu 28.35. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kwa bei za dhahabu ni fedha nyingi.

Bei hiyo ni ya dhahabu iliyo katika matofali makubwa. Ili igeuke sarafu, dhahabu haina budi kusafishwa, kukatwa, kupigwa chapa, kusafirishwa, kuwekewa bima na kuuzwa na mtu ambaye naye anahitaji faida. Gharama hizo zote kwa pamoja ndizo nyongeza. Kwa hiyo nyongeza si wizi. Wizi huanza pale inapozidi kazi iliyofanyika na manufaa anayoyapata mnunuzi.

Mfano wa wazi ulitolewa na Benki Kuu ya Zimbabwe mwezi Julai 2022, ilipoanza kuuza sarafu ya Mosi-oa-Tunya yenye wakia moja ya dhahabu. Bei yake ilifungamanishwa na bei ya London, ikiongezwa asilimia 5 kwa ajili ya gharama za utengenezaji. Sarafu za kwanza ziliuzwa kwa takriban dola 1,824, ambapo kama dola 1,737 zilikuwa ni za dhahabu na zilizobaki ni za nyongeza. Mnunuzi alijua tangu mwanzo alichokilipia. Ni wauzaji wachache wanaoeleza hivyo.

Jinsi ya kukokotoa

Hatua ya kwanza ni kujua sarafu ina dhahabu safi kiasi gani, si uzito wake wote. Tuchukue Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 33.93, lakini ni ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ndizo dhahabu na zilizobaki ni shaba inayoipa ugumu. Dhahabu safi iliyomo ni wakia moja kamili.

Anayezidisha gramu zote 33.93 kwa bei ya dhahabu safi atakuwa ameilipia shaba kwa bei ya dhahabu, na atazidisha malipo kwa kiasi cha asilimia 9 kabla hata nyongeza yenyewe haijahesabiwa.

Hatua ya pili ni kutafuta thamani ya dhahabu hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, wakia ni dola 4,000. Ukigawanya kwa 31.1035 utapata kama dola 128.60 kwa gramu. Pauni ya dhahabu ya Uingereza, ambayo nayo ni ya karati 22, ina gramu 7.32 za dhahabu safi. Thamani ya dhahabu yake basi ni kama dola 942. Muuzaji akitaka dola 1,010, nyongeza ni dola 68, sawa na asilimia 7 na kidogo.

Hatua ya tatu husahaulika na wengi. Bei ikitajwa kwa shilingi, muulize muuzaji ametumia kiwango gani cha kubadilisha fedha, kisha ukilinganishe na cha benki siku hiyo hiyo. Muuzaji anaweza kutangaza nyongeza ya asilimia 4, kumbe asilimia nyingine 3 ameificha katika kiwango cha dola.

Hesabu ya kwenda na kurudi

Hata hivyo, nyongeza ya kununulia ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni bei atakayokupa mnunuzi siku ya kuuza.

Tuendelee na mfano wetu. Umenunua sarafu ya wakia moja kwa dola 4,200, yaani nyongeza ya asilimia 5. Siku ya kuuza, mfanyabiashara anakupa asilimia 2 chini ya bei ya soko. Kama bei haijabadilika, utapokea dola 3,920 na utakuwa umepoteza dola 280. Ili urudishiwe fedha zako bila faida wala hasara, bei ya dunia itabidi ifike kama dola 4,286, yaani ipande kwa zaidi ya asilimia 7.

Sasa tuseme mnunuzi pekee uliyempata ni sonara ambaye haitambui sarafu hiyo. Yeye anaona dhahabu ya kuyeyusha tu, na anakupa asilimia 5 chini ya bei ya soko. Utapokea dola 3,800. Hapo bei itabidi ipande kwa asilimia 10.5 kabla ya kuanza kuzungumzia faida.

Somo lililomo humo ni muhimu kuliko kiwango chochote. Nyongeza inastahili kulipwa pale tu ambapo kuna mtu atakayekurudishia angalau sehemu yake. Sarafu zinazojulikana duniani, kama Krugerrand, Maple Leaf ya Canada iliyoanza mwaka 1979, Eagle ya Marekani ya mwaka 1986 na Britannia ya Uingereza ya mwaka 1987, hupata wanunuzi kwa urahisi katika miji yenye masoko makubwa ya dhahabu. Lakini anayekusudia kuiuza sarafu yake kwa sonara wa mtaani hana sababu ya kulipa nyongeza kubwa kwa ajili ya jina.

Muda nao una uzito wake. Ile asilimia 7 tuliyoikokotoa, ukiigawa kwa miaka mitano, ni kama asilimia 1.4 kwa mwaka, mzigo unaobebeka. Ukiuza baada ya miezi sita kwa sababu ada ya shule imefika, mzigo wote unakuangukia kwa mara moja. Wala dhahabu haipandi siku zote. Mwezi Septemba 2011 wakia ilifika zaidi ya dola 1,890, na Desemba 2015 ilikuwa imeshuka chini ya dola 1,060. Kilele kile cha 2011 hakikuvukwa hadi mwaka 2020.

Sarafu ndogo au kubwa?

Gharama ya kupiga chapa sarafu ndogo haipungui sawasawa na dhahabu iliyomo. Ndiyo maana, wakati sarafu ya wakia moja kwa kawaida huuzwa kwa nyongeza ya asilimia chache, ile ya sehemu moja ya kumi ya wakia inaweza kufika asilimia 15 au zaidi.

Kwa mfano wetu, sarafu kumi ndogo kwa nyongeza ya asilimia 15 zitagharimu dola 4,600, huku moja kubwa ikigharimu dola 4,200. Dhahabu ni ile ile. Tofauti ya dola 400 inatosha kununua dhahabu ya sarafu ndogo ya kumi na moja.

Hata hivyo, anayejua kwamba atahitaji kuuza kidogo kidogo ana haki ya kulipia urahisi huo, kwa kuwa sarafu kubwa haikatwi vipande. Njia ya kati ni kuweka sehemu kubwa ya akiba katika sarafu ya wakia moja, na sehemu ndogo tu katika robo wakia au pauni, kwa ajili ya dharura.

Mtego wa sarafu adimu

Kuna sarafu ambazo bei yake haitokani na dhahabu pekee. Kenya ilitoa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 mwaka 1966, kuadhimisha miaka 75 ya kuzaliwa kwa Mzee Jomo Kenyatta. Tanzania nayo ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma mwaka 1974, katika mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori. Wakusanyaji huzitafuta, na hulipa kwa kutazama uchache na hali ya sarafu.

Hakuna ubaya kuzipenda. Ubaya ni kumwambia mstaafu kwamba sarafu yenye nyongeza ya asilimia 40 ni akiba, wakati ni bidhaa ya wakusanyaji inayohitaji ujuzi wao. Muuzaji akianza kuzungumzia kisanduku, hati ya kupendeza na toleo maalumu, msikilize, kisha umwombe aandike bei ambayo yeye mwenyewe atainunulia sarafu hiyo kesho. Jibu lake litakueleza zaidi ya maneno yake yote.

Vivyo hivyo kwa pauni iliyotiwa kikonyo ili ivaliwe kama kidani. Ikishachomelewa, huuzwa kwa uzito na karati, na nyongeza ya sarafu huwa imekwisha.

Kodi na misukosuko

Wanaonunua Dubai wafahamu kwamba tangu Januari 2018 Umoja wa Falme za Kiarabu unatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi hutozwa kiwango cha sifuri. Sarafu ya karati 22, ambayo usafi wake ni kama asilimia 91.7, haifikii kiwango hicho. Hivyo sarafu mbili zenye dhahabu sawa zinaweza kutofautiana bei kwa sababu ya kodi tu. Aidha, msafiri aulizie masharti ya forodha ya nchi yake kabla ya kununua, si baada ya kufika uwanja wa ndege.

Kuna nyakati nyongeza hupanda ghafla kwa kila mtu. Agosti 2008 Marekani ilisimamisha kwa muda uuzaji wa sarafu zake za Eagle kutokana na wingi wa wanunuzi. Machi 2020, viwanda vikubwa vya kusafisha dhahabu vya kusini mwa Uswisi vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na sarafu zikaadimika. Anayenunua katika hofu ya namna hiyo hulipa bei ya dhahabu na bei ya hofu. Hofu ikipita, bei yake hupita nayo.

Jambo jingine ni tahadhari dhidi ya bei nafuu kupita kiasi. Sarafu inayouzwa chini ya bei ya dunia haina nyongeza, lakini huenda haina dhahabu pia. Madini ya tungsteni yana uzito unaokaribia sana wa dhahabu safi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Pima uzito, kipenyo na unene, na ununue kwa mtu mwenye duka, leseni na risiti.

Kabla ya kutoa fedha

Msomaji anaweza kujiwekea kanuni nyepesi. Kokotoa dhahabu safi iliyomo. Linganisha na bei ya dunia ya saa hiyo. Pata bei kwa wauzaji wasiopungua watatu. Kisha uulize bei ya kununua na ya kuuza kwa wakati mmoja, na utazame pengo lililo kati yake.

Pengo hilo likizidi kile unachotarajia kupata kwa muda utakaoitunza sarafu, acha. Kwa sarafu ya kawaida ya wakia moja, katika siku zisizo na msukosuko, nyongeza inayozidi asilimia 8 inahitaji maelezo ya kuridhisha, na ikiwa wa kuinunua ni sonara wa mtaani, hata asilimia 5 ni nyingi.

Bei ya dunia haipangwi na mnunuzi wa Kariakoo wala wa Mombasa. Nyongeza ndiyo sehemu pekee ya bei ambayo anaweza kuikataa.