Nyuma ya Kioo cha Benki: Shoti ya Keshia Hulipwa na Nani?

Wengi wetu tunaijua benki kwa upande mmoja tu wa kioo. Mwisho wa mwezi tunapanga foleni, tunamwona keshia na shati lake jeupe na tai, nasi tunasema moyoni: huyu amefika. Hapigwi na jua la shamba wala vumbi la kiwanda. Safari hii tunavuka mpaka kwa majirani zetu wa Kenya, ambako benki za watu binafsi ni nyingi, tuitazame kazi hiyo kwa upande wa pili wa kioo.

Keshia huanza kazi kabla mlango haujafunguliwa. Chumba cha hazina hakifunguliwi na mtu mmoja. Funguo na namba za siri hugawanywa kwa watu wawili, asiwepo wa kuingia peke yake. Humo hukabidhiwa fedha za kuanzia siku, huzihesabu na kutia sahihi. Tangu dakika hiyo fedha zile ni mzigo wake. Mteja wa kwanza analeta mauzo ya duka, noti zimekunjamana na kulowa. Wa pili ana haraka na amekuja na ugomvi wake kutoka nyumbani. Juu ya kichwa kuna kamera. Akitaka kwenda haja, sharti kwanza afunge droo kwa ufunguo. Jioni, wateja wakiisha kutoka, fedha zilizo mkononi lazima zilingane na hesabu ya mashine mpaka shilingi ya mwisho. Zisipolingana, haondoki.

Zikizidi, ziada huwekwa katika hesabu ya benki kumngoja mwenyewe. Keshia hapati hata senti, na hiyo ni haki, kwani si yake. Lakini zikipungua, jambo ambalo wenyewe huliita shoti, mara nyingi hudaiwa yeye. Noti mbili za shilingi elfu zilizogandamana zikapita vidoleni kama moja, siku ya mishahara, foleni ikiwa imefika barabarani: hiyo ni shilingi elfu ya unga wa watoto wake. Mchuma chai anayekatwa kilo kwenye mizani ataielewa habari hii bila kufafanuliwa. Tofauti ni moja tu. Kilo za mchuma chai humwendea tajiri, lakini shoti ya keshia imekwenda na mteja aliyeondoka kimya. (Na tuulizane wenyewe kwa wenyewe: ni wangapi kati yetu tungerudi dirishani?)

Tena siku hizi kuhesabu fedha hakutoshi. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mwaka 2010 benki za Kenya zikaruhusiwa kutumia mawakala wa madukani. Kazi nyingi za dirishani zikahamia kwenye simu na vibanda. Karani anayebaki hupewa malengo ya mwezi: afungue akaunti kadhaa, auze mikopo, kadi na bima, ikibidi kwa shangazi zake na jirani zake. Asipoyafikia, huitwa ofisini kujieleza.

Lipo na jambo la vyeo, ambalo sisi tunaliona baya kuliko shoti. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kilichopata wingi wa wafanyakazi wanaostahili kuwakilishwa nacho. Basi hesabu ya vichwa ina uzito wake. Karani akibatizwa jina la ofisa, akapewa kadi yenye jina lake na nyongeza kidogo ya mshahara, anaweza kuondolewa katika hesabu hiyo. Bado anakaa palepale dirishani. Haajiri mtu, hafukuzi mtu, hana hata mmoja anayemwamrisha. Lakini mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri wa benki haumgusi tena, na saa zake za ziada zinageuka kuwa moyo wa kujitolea. Vijana wengi huipokea kadi hiyo kwa furaha, wala hatuwacheki. Nani asiyetaka kuitwa bwana mkubwa mbele ya wakwe zake?

Benki yenyewe ikianguka, yule wa dirishani ndiye wa kwanza kutazamwa usoni. Nchini Kenya, Dubai Bank na Imperial Bank ziliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2015, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Wakati huo bima ya amana ilimlinda kila mwekaji kwa shilingi 100,000 tu. Ilipandishwa kufika 500,000 mwaka 2020. Kwetu Uganda, Benki Kuu iliichukua Crane Bank Oktoba 2016. Karani hakai katika kikao kinachogawa mikopo mikubwa, lakini maswali ya wenye fedha huyajibu yeye.

Turudi kwenye shoti, kwa kuwa hapo sheria ina neno. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, tena mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Kifungu hichohicho kinazuia makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Maana yake, fedha kupungua peke yake si uzembe. Foleni ilikuwa ndefu kiasi gani? Mashine ya kuhesabia noti ilikuwa nzima? Keshia alipewa nafasi ya kula mchana? Maswali hayo huulizwa kabla ya makato, na wa kuyauliza ni mwakilishi wa chama, wakati keshia bado hajatia sahihi karatasi ya kukubali deni aliyowekewa mezani saa mbili usiku, akiwa amechoka na gari la mwisho linaondoka.