Kava za Pedeli: Mwambie Mteja Ukweli Kabla Hajalipia

Wauza vifaa vya magari wenzangu, hili swali naulizwa sana inboksi: "Nikifunga pedeli za spoti, gari itakimbia zaidi?" Jibu langu: hapana. Nguvu ya injini haiongezeki hata kidogo.

Zinachosaidia ni mguu. Dereva wa mashindano mwenye gari ya gia za mkono, akikaribia kona, mguu wa kushoto uko kwenye klachi. Wa kulia unakanyaga breki kwa mbele, huku ubavu wake unagusa mafuta kidogo. Mizunguko ya injini inapanda, gia ndogo inaingia bila gari kushtuka. Kama pedeli ya mafuta iko mbali na breki, kava pana inapunguza hiyo nafasi. Basi. Mazoezi ni yake mwenyewe.

Mwenye otomatiki je? Anapata muonekano tu. Mwambie hivyo.

Kabla hujauza, angalia:

1. Juu ina mpira? Alumini tupu ikilowa, kiatu kinateleza.
2. Inafungwa kwa nati? Ya kubana tu inaweza kulegea ikachomoka.
3. Haigusi pedeli ya pembeni? Ikinasa, mafuta hayarudi.

Hiyo namba 3 ni uhai wa mtu, sio biashara tena. Omba picha ya pedeli zake na aina ya gari ndipo upokee hela.

Ukisema ukweli unaweza kukosa oda moja. Ila huyo huyo kesho atakutafuta kwa taa na mazulia, maana anajua humpigi.