Pongwe, mwisho wa waya

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Segera, unaifikia Pongwe kabla ya Muheza. Hata abiria aliyesinzia ndani ya basi huitambua kwa vumbi jeupe na msururu wa malori. Chini ya ardhi yake kuna mawe ya chokaa, na mawe hayo ndiyo yaliyokileta hapa kiwanda cha saruji ya Simba, cha kampuni ya Tanga Cement iliyoanzishwa mwaka 1980. Anayetaka kuielewa biashara ya nishati ya Kanda ya Kaskazini aanzie hapa badala ya kwenye meza za Dodoma, kwa sababu tanuri la saruji halina subira. Mawe hupikwa ndani yake kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, tanuri likizunguka usiku na mchana. Umeme ukikatika dakika chache tu, joto linashuka na tofali za ndani zinapata misukosuko, na kulirudisha tanuri kwenye kazi ni shughuli ya saa nyingi na mafuta mengi.

Lawama ya watu wa Tanga kuhusu umeme ni ya zamani, na ina haki yake. Mkoa huu umezungukwa na vyanzo vya nguvu. Mto Pangani unashuka kwa maporomoko hapo Korogwe na Muheza, mashamba ya mkonge yanatupa mabaki kila siku, na jua la Pwani halihitaji maelezo. Pamoja na hayo, katika gridi ya Taifa Tanga iko mwisho wa waya, na aliye mwisho wa waya hupata kilichosalia.

Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya Kanda ya Kaskazini. Wengi walishangaa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilikuwa linakamilika: mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, wakati mahitaji ya juu ya nchi nzima yalikuwa kiasi cha megawati 1,900. Watu wakauliza, tununue nini tena kwa jirani? Rais alitaja hasara ya takriban Sh32 bilioni kwa mwaka inayotokana na umeme unaopotea njiani kuelekea Kaskazini.

Mimi naamini wengi walibishana juu ya jambo lisilo lenyewe. Umeme wa Rufiji unafika Chalinze kwa njia kubwa ya kilovolti 400, urefu wa kilomita 160. Ukitoka hapo kupanda Kaskazini kupitia Hale, unaingia kwenye laini ya zamani ya kilovolti 132. Msongo ukiwa mdogo na safari ikiwa ndefu, sehemu ya umeme hugeuka joto na kupotelea hewani, na anayekaa mbali hupokea kile ambacho mitaani tunakiita umeme mdogo: friji inanguruma bila kugandisha, mashine ya kuchomelea haishiki, na taa inafifia saa moja jioni kila mtu anapowasha yake. Kutoka upande wa pili, laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya nchini Kenya na Singida imeshakamilika, na Kenya imeunganishwa na Ethiopia kwa laini kubwa ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa mizani ya fundi, umeme wa Addis Ababa unaweza kuwa karibu na Arusha kuliko umeme wa Rufiji. Hilo linatuumiza, na linapaswa kutuumiza, ila dawa yake ni nguzo na nyaya.

Wajerumani wanaugua ugonjwa huohuo, na wao ni matajiri. Mwaka 2000 walitunga sheria iliyompa kila anayezalisha umeme wa jua au upepo haki ya kuunganishwa kwenye gridi na kulipwa bei inayojulikana kwa miaka 20. Mkulima akafunga paneli juu ya banda la ng'ombe, na wanakijiji wakachanga fedha kununua mtambo wa upepo. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Ujerumani unatokana na nishati jadidifu, na vinu vyao vya mwisho vya nyuklia vilizimwa Aprili 2023. Lakini upepo mwingi uko kaskazini, pwani ya bahari, na viwanda vikubwa viko kusini, Bavaria na Baden-Württemberg. Njia kuu ya kuviunganisha, SuedLink, yenye urefu wa kilomita 700 hivi, ilitarajiwa kukamilika 2022. Sasa inasemwa 2028. Wenyeji walikataa minara ipite juu ya vijiji vyao, ikabidi nyaya zifukiwe. Upepo ukivuma sana, wenye mitambo ya kaskazini huamriwa kuipunguza na kulipwa fidia, huku mitambo ya makaa na gesi ya kusini ikiwashwa. Gharama hiyo, mabilioni ya yuro kwa mwaka, inaingia kwenye ankara ya mteja.

Sisi tulikuwa na chanzo chetu karibu tangu zamani. Maporomoko ya Pangani yalianza kutoa umeme miaka ya 1930, na mashamba ya mkonge yalikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Hale, megawati 21, ilikuja 1964. Nyumba ya Mungu, megawati 8, ilifuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 60. Kisha New Pangani Falls, megawati 68, kwa fedha za Norway, Finland na Sweden, ikakamilika 1995. Ukijumlisha unapata megawati 97, na kuna wakati mto huu ulikuwa nguzo ya gridi nzima.

Tatizo ni kwamba mto una wenyewe wengi. Maji ya Hale yanaanzia Kilimanjaro na Meru, ambako Wachaga walichimba mifongo yao kabla ya mtu yeyote kuota taa ya umeme. Skimu ya mpunga ya Lower Moshi inachota, mashamba ya miwa yanachota, miji inakua. Ofisi ya Bonde la Maji ya Pangani iliundwa 1991 ili kugawa kwa vibali na ada, na mkulima aliyerithi mfereji wa babu yake akaambiwa alipie maji. Hakuelewa, na sidhani alikosea kutoelewa. Mhandisi wa Hale naye hakukosea kuona kwamba kila ndoo iliyoingia jarubani huko juu haikushuka kwake. Mwaka wa ukame, mgao huanza milimani kabla haujaanza kwenye nguzo. Kwa hiyo anayesema Kaskazini iendelee kuegemea mto peke yake anacheza kamari na mvua, na mvua imetutupa mkono mara nyingi: 1992, 1994, 2006, 2011.

Rudi Pongwe, kwa sababu umeme ni nusu tu ya habari ya saruji. Tanuri linahitaji moto, na moto wake ni makaa ya mawe. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kinapikia gesi ya Songo Songo tangu 2004. Bomba la gesi halijafika Tanga. Makaa yanapanda lori kutoka Ruvuma na kuvuka nchi karibu yote. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoikausha Ulaya gesi ya Urusi, bandari ya Mtwara iliyozoea korosho ikaanza kupakia makaa hayohayo ya Ruvuma kwenda Uholanzi na Ufaransa. Bara lililokuwa likituhimiza tuachane na makaa likawa mteja wetu, na mnunuzi wa Pongwe akajikuta foleni moja na mnunuzi wa Rotterdam.

Na hata moto ukisafishwa, jiwe lenyewe lina hewa yake. Chokaa ikiungua hutoa kabonidayoksaidi, na sehemu kubwa ya hewa chafu ya saruji hutoka humo. Heidelberg Materials, kampuni ya Kijerumani ambayo kampuni yake tanzu Scancem iliishika Tanga Cement kwa muda mfupi tangu 2023 kabla ya Amsons kuinunua 2024, imefungua mtambo wa kuinasa hewa hiyo Brevik, Norway, mwaka 2025, tani 400,000 kwa mwaka. Sioni mtambo wa aina hiyo ukija kwetu leo wala kesho. Naona kilicho karibu zaidi: Hima Cement ya Uganda imechoma maganda ya kahawa na pumba za mpunga badala ya sehemu ya makaa, na mabaki ya mazao hayana uhaba Tanga.

Mkonge ndio mfano unaonichoma zaidi. Jani likipita kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, singa zinazobaki ni sehemu ndogo mno, kiasi cha asilimia 4. Sehemu nyingine yote ni maji na makapi yanayooza mtaroni. Hale, katika shamba la kampuni ya Katani, mabaki hayo yalifanywa gesi na gesi ikafanywa umeme. Mradi ulizinduliwa 2008 na Rais Jakaya Kikwete, kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Mwaka huohuo Sheria ya Umeme ilifungua mlango kwa wazalishaji wadogo kuiuzia TANESCO. Kampuni ya sukari ya TPC Moshi imeuza umeme wa makapi ya miwa, na TANWAT Njombe umeme wa mabaki ya miti. Njia ipo. Sharti lake ni lile la Wajerumani la 2000: bei iliyoandikwa, mkataba mrefu, na malipo yasiyochelewa. Benki haimkopeshi mwenye korona kwa sababu jua linawaka. Inamkopesha kwa sababu ya mkataba.

Wenye karakana za Pongwe wameanza kujipangia wenyewe kwa paneli na betri. Ni ufumbuzi wa anayeweza kununua, nami siudharau, lakini sola ya kinyozi haiwezi kuzungusha tanuri. Kwa tanuri, bei ya saruji ya Tanga itaendelea kubeba ndani yake lori la Ruvuma, laini ya kilovolti 132 na mvua ya Kilimanjaro, huku mtaro wa mkonge wa shamba la jirani ukitoa harufu ya gesi ambayo hakuna aliyeinunua.